Habari za Mvua na Mfuko Wetu wa Njaa

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.)



Natoa shukrani zangu kwa Halmashauri kwa kunipa nafasi hii, ambayo kwa desturi hupewa mtu mwenye umri na jina kuliko mimi. Najua ya kuwa wamo humu wazee waliolima kabla sijazaliwa, na huenda wakajiuliza karani huyu wa mjini, ambaye jembe lake ni kalamu, ana neno gani la kuwaambia juu ya mvua. Neno langu juu ya mvua ni dogo. Neno langu hasa ni juu ya kitabu cha hesabu, maana nimekitunza kwa miaka tisa, na ndani yake nimeona jambo ambalo nikilinyamazia nitakuwa sikufanya kazi mliyoniajiri.

Mfuko wa Njaa ulianzishwa ili nyumba za wanachama huko Kitui, Makueni na Machakos zisilale bila chakula mvua inapokosa. Kila mmoja wetu anayekula mshahara hapa mjini huutolea chango lake, na sijapata kusikia mtu akilinung'unikia. Lakini nikifungua kurasa za miaka yote niliyoandika, naona utaratibu mmoja tu. Mvua ya Novemba hukosa. Desemba twaenda nyumbani kwa Krismasi na kujionea wenyewe mabua yaliyokauka kabla ya kubeba. Januari barua huja. Mkutano huu hukutana, mzee mmoja husimama na kusema kwa uchungu, hoja hupita bila kupingwa na mtu, na katika Februari Mweka Hazina hununua mahindi na kukodi lori.

Hakuna aliyeiba hapo, wala hakuna aliyechelewa kwa uvivu. Lakini tazameni bei. Baada ya vuli ya 2020 kukosa, fedha ambazo mwezi wa Septemba zingalitupatia gunia tatu za mahindi zilitupatia mbili tu mwezi wa Februari. Sababu haikuwa ulanguzi wa mtu mmoja tuliyeweza kumshitaki. Sababu ni kwamba tulinunua siku ile ile ambayo kila chama, kila kanisa na kila mwenye nyumba alikuwa akinunua. Mwaka uliofuata tulifanya vivyo hivyo, na mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kama mtu angepita njiani akasoma kitabu chetu bila kutujua, angesema: watu hawa wana moyo mwema, lakini hununua mwavuli wakiisha kulowa.

Nitaomba leo tuhamishe kura ya Mfuko wa Njaa kutoka Januari hadi Septemba. Lakini haifai kuomba jambo kama hilo bila kueleza msingi wake, kwa hiyo naomba uvumilivu wenu.

Shuleni tulifundishwa kwamba mvua ya masika, ya Machi hadi Mei, ndiyo mvua kubwa ya Kenya, na mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo mvua ndogo. Nilikariri hivyo na nikapata alama zangu. Habari hiyo ni kweli kwa nchi nyingine, lakini nadhani aliyeiandika hakupata kulima Mwingi wala Kibwezi. Kwetu sisi mambo ni kinyume. Mvua ambayo mama zetu huiamini, ambayo mahindi, kunde, mbaazi na pojo hupandwa kwa ajili yake, ni vuli. Masika yetu huja upesi na kuondoka upesi, na mtu akivuna chochote katika masika hushukuru kama aliyeokota fedha njiani. Vuli ikikosa, mwaka umekosa.

Kwa bahati njema, kati ya misimu yote miwili, vuli ndiyo iliyo rahisi kuagua mapema. Sisemi kwa uganga. Wazee watakumbuka habari za Syokimau, aliyeona nyoka wa chuma akitoka baharini kabla reli haijawekwa. Watu wa hali ya hewa hawaoni namna hiyo, na wao wenyewe hukana kabisa kwamba wanaona. Wao hupima joto la maji ya bahari na kufanya hesabu.

Bahari yenyewe ni hii yetu ya Hindi, na yafaa tuifikirie kama mizani yenye vitanga viwili. Kitanga kimoja kiko upande wetu, pwani ya Afrika Mashariki. Cha pili kiko mashariki ya mbali, karibu na Sumatra. Maji yakipata joto zaidi upande wetu na kupoa upande ule, hewa iliyojaa unyevu hupanda juu karibu nasi, mawingu hujengeka, na vuli huja kwa wingi, mara nyingine kwa wingi wa kuharibu. Maji yakipata joto upande wa Sumatra, mvua huenda kunyesha huko Indonesia na Australia, nasi hubaki tukitazama vumbi. Hali hiyo wataalamu waliipa jina la daipoli ya Bahari ya Hindi katika mwaka 1999, lakini kazi yake ni ya zamani kuliko jina lake. Jambo la kuwafaa wakulima ni kwamba bahari hubadilika polepole. Mizani ikianza kuinama katika Julai na Agosti, kwa kawaida haiinuki tena mpaka vuli imekwisha. Ndiyo sababu mtu aweza kusema neno lenye maana juu ya Novemba akiwa bado katika Agosti.

Wengi wenu mtaniuliza juu ya El Niño, maana jina hilo limekuwa la kila mtu, hata watoto huitaja. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, na mara nyingi huivuta mizani yetu iiname upande wa mvua. Ndugu yake La Niña huivuta upande wa ukame. Mara nyingi, lakini si kila mara. Mwaka 1997 vyote viwili vilikuja pamoja, El Niño yenye nguvu na bahari yetu yenye joto, na kila mtu mzima humu anakumbuka: barabara ya Mombasa ilikatika, madaraja yakaenda, na kule kaskazini mashariki homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu pia, Serikali ikajitayarisha, watu wakatazamia 1997 ya pili, lakini mizani ya bahari yetu haikuinama sana, na vuli ile haikufika pale ilipoogopewa. Watu wakacheka. Na katika mwaka 1961 hapakuwa na El Niño hata kidogo, lakini mizani iliinama peke yake, na mafuriko yaliyotokea yalilifanya ziwa Victoria kupanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Ndio mwaka ambao wazee wetu waliuita wa yua ya Ndeke, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kwa ndege. Basi mtu akiwaambia El Niño inakuja, mwulizeni kwanza: na Bahari ya Hindi yasemaje?

Twazo njaa zetu, na tumezipa majina kama watu wanavyowapa watoto majina. Ngomanisye, ya mwisho wa karne ya 19, iliyokuta kila mahali. Ndeke. Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, ambayo maana yake ni kwamba mtu alikufa akiwa na fedha mkononi, kwa kuwa hapakuwa na cha kununua. Naomba wazee wanisamehe nikisema kwamba katika jina hilo la mwisho namwona Mweka Hazina wetu mwenyewe, si kwa kosa lake, akisimama sokoni mwezi wa Februari na bahasha ya Chama.

Sasa nije kwenye utabiri wenyewe, maana wengi husema: utabiri hudanganya. Kuna kituo cha nchi za IGAD, kilicho karibu na Nairobi, kiitwacho kwa kifupi ICPAC. Kilianzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuangalia ukame, na leo hutumikia nchi 11 kutoka Sudan hadi Tanzania. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi hizi hukutana kabla ya kila msimu mkubwa na kupatana juu ya neno moja. Mkutano wa vuli huwa mwezi wa Agosti. Baada yake Idara yetu ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Kenya, na kila kaunti hupewa wake. Hakuna malipo. Kijana yeyote mwenye simu aweza kuusoma, na hutangazwa redioni.

Shida ni namna unavyosomwa. Utabiri hauseme mvua itanyesha au haitanyesha. Waichukua miaka mingi iliyopita, kwa kawaida 30, na kuigawa mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, miaka ya kati, miaka ya mvua chache. Kisha husema ni fungu lipi lina nguvu zaidi mwaka huu. Kwa mfano utasikia: asilimia 45 chini ya kawaida, 35 karibu na kawaida, 20 juu ya kawaida. Mtu wa kawaida akisikia hivyo husema, ukame unakuja. Mvua ikinyesha, husema nimedanganywa.

Mama yangu alinielewa nilipomweleza kwa kibuyu. Nilitia ndani mbegu 20 za kunde: 9 nyeusi, 7 nyekundu, 4 nyeupe. Nikamwambia, mama, nyeusi ni mwaka mkavu, nyekundu ni mwaka wa kati, nyeupe ni mwaka wa mvua. Tia mkono bila kutazama. Akatoa nyekundu. Akacheka, akasema, basi kibuyu chako kimesema uwongo. Nikamwambia arudishe atoe tena, akatoa nyeusi, tena nyeusi, kisha nyeupe. Baada ya mara kumi hivi akaacha kucheka, akasema neno ambalo sijaliona katika gazeti lolote: "Kumbe hakinipi jibu, kinanionyesha mahali pa kuweka hofu yangu." Wala si hofu yote, ndugu zangu. Kama tusingejua lolote, kila rangi ingekuwa karibu na asilimia 33. Kutoka 33 hadi 45 ni kuegemea upande mmoja tu, si ahadi. Lakini mfanya biashara yeyote wa Gikomba aliyepewa siri yenye uzito huo juu ya bei ya nguo angeitumia kila mwaka, na katika miaka mingi angetajirika.

Na tutazame jinsi kibuyu hicho kilivyotutendea. Agosti 2020 utabiri wa vuli uliegemea ukame kwa sehemu zetu za mashariki, na mvua ikakosa. Agosti 2021 uliegemea ukame, na mvua ikakosa. Agosti 2022 uliegemea ukame tena, na mvua ikakosa, ukawa msimu wa tano kushindwa mfululizo tukihesabu na masika yaliyokuwa katikati. Katika ukame huo mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya, wengi wao kaskazini, na haukuwa na mfano kwa miaka 40 iliyotangulia. Agosti 2023 mizani iligeuka, El Niño ikawepo, utabiri ukaegemea mvua nyingi. Na mvua ilikuja na kuua watu zaidi ya 150 nchini. Agosti 2025 uliegemea ukame, na kaskazini mashariki mwa nchi wamekwisha onja matokeo yake. Miaka hiyo mitano, kila mara neno lilikuwapo mezani mwezi wa Agosti. Na kitabu changu cha hesabu hakionyeshi hata mara moja kwamba Chama hiki kililifanyia kazi.

Hapa sina budi kusema habari yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nalaumu Halmashauri.

Mwisho wa Agosti 2023 niliusoma utabiri ule. Niliuchapisha, nikautoboa matundu mawili, nikautia katika faili ya barua zilizoingia, na nikaandika katika daftari: kuletwa mbele ya mkutano wa Januari. Utaratibu wetu ndivyo ulivyo, na mimi ni mtu wa utaratibu. Katikati ya Oktoba kukawa na maneno ya kukinzana redioni na magazetini, wengine wakisema El Niño haipo tena, nami nikajiona nilifanya vema kutokuwa na haraka.

Mjomba wangu, ambaye baadhi yenu mnamfahamu, alikuwa amefundishwa na ile misimu mitano mikavu kama kila mtu. Aliona kwamba mahali pa pekee palipobaki na unyevu ni kando ya mto. Mwezi wa Septemba akauza maksai wake wawili, wale waliokuwa wamesalia, akanunua mbegu na mabomba, akakodi vibarua, akalima bonde lote hadi ukingoni. Matuta ya juu, ambayo babu alichimba kwa jembe la mkono, hakuyagusa, kwa maana nani atatengeneza matuta yasiyopata maji? Novemba mto ulikuja usiku. Ulichukua mahindi, mabomba, na udongo wenyewe, ukaacha mawe. Kule juu matuta yaliyobomoka yalipasuka moja baada ya jingine, maji yakachimba korongo ambalo hata leo halijazibwa.

Desemba nilikwenda kumpa pole. Tukakaa. Akaniuliza kama sisi wa mjini huwa twapata habari za mvua mapema. Nikamwambia ndiyo, huwa twapata. Akaniuliza, "Hii ulijua lini?" Nikamwambia, mwezi wa Agosti. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mtoto aniletee chai. Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Mto haukuua mtu katika nyumba ile, na namshukuru Mungu. Lakini maksai wawili ni maksai wawili, na chango letu la Februari lililomfikia lilikuwa gunia moja la mahindi, ambalo mimi mwenyewe nililitilia sahihi.

Sasa niyajibu mashaka ambayo nimekwisha kuyasikia kwa wazee nilipowaendea mmoja mmoja.

Wa kwanza aliniuliza, kwa nini usitake kura mbili, Septemba kwa vuli na Februari kwa masika? Nilimjibu kwamba masika ni mtoto mkaidi. Mvua yake haifungwi sana na bahari kama vuli. Huvutwa huku na huku na mambo ya majuma machache tu. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira katika Machi, kilivuta unyevu kuelekea kusini na mvua zetu zikachelewa, na hapana mtu ambaye angeweza kukiona kimbunga hicho mwezi mmoja kabla. Utabiri wa masika usomwe, lakini kwa mkono mwepesi. Si kwamba masika haina hatari: ile ya 2024 iliua watu zaidi ya 280 nchini na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Nasema tu kwamba nikiwa na shilingi moja ya Chama ya kuwekeza juu ya utabiri, nitaiweka juu ya vuli.

Tena wataalamu hutuambia kwamba tangu miaka ya 1980 masika imekuwa ikipungua katika sehemu nyingi zetu, hali vuli, ukiacha miaka yake mibaya, imeelekea kuongezeka. Kama masika itarudi au haitarudi, wao wenyewe bado wanabishana, na hesabu za mashine zao hazikubaliani na vipimo vya mvua. Sisi haitupasi kuwangojea wamalize.

Mzee wa pili alisema neno zito zaidi. Alisema: msimu ukitabiriwa kuwa mkavu, watu watalala, kisha mto utawachukua. Ni kweli. Desemba 2021, katikati ya vuli iliyokuwa kavu, mto Enziu pale Mwingi ulifurika, na basi lililokuwa likipeleka watu arusini likasombwa. Zaidi ya 30 walikufa. Msimu mkavu ni hesabu ya miezi mitatu ikiwekwa pamoja. Haituambii lolote juu ya Jumamosi moja. Kwa ajili ya hatari ya siku moja kuna utabiri wa siku na wa juma, ambao ni mwingine kabisa, na hakuna utabiri wowote unaomruhusu dereva kuingia katika maji yapitayo juu ya daraja.

Wa tatu, Mweka Hazina mwenyewe, aliniuliza: tukinunua mahindi Septemba, kisha mvua ikanyesha, fedha za wanachama zimepotea? Hapa ndipo nilipokaa usiku mwingi na kalamu. Hasara ipo, lakini yafaa ipimwe. Mahindi yaliyonunuliwa Septemba hayatoweki vuli ikiwa njema. Yatauzwa au kuliwa, na tutapoteza labda sehemu ya bei na gharama za kuyatunza. Mahindi yasiyonunuliwa Septemba, vuli ikiwa mbaya, twayalipia nusu tena ya bei. Hasara moja ni ya mtu aliyejifunika blanketi usiku wenye joto. Ya pili ni ya mtu aliyelala uchi usiku wa baridi.

Lakini kutunza si jambo la maneno. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, mahindi yaliyovunwa wakati wa mvua isiyo ya msimu wake yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota sumukuvu. Wagonjwa 317 waliandikwa, na 125 kati yao wakafa. Si njaa iliyowaua; waliuawa na chakula chao wenyewe ndani ya nyumba zao. Kwa hiyo Chama kikinunua mapema, kinunue mahindi makavu yaliyopimwa, kiyatie katika magunia yasiyopitisha hewa, na yasiwekwe juu ya sakafu tupu. Gharama hiyo nimeitia katika hesabu. Asiyetaka kuilipa, heri asinunue kabisa.

Kura ya Septemba haitakuwa ya mahindi peke yake. Utabiri ukiegemea ukame, Chama kiandikie kila nyumba kwamba mbuzi na ng'ombe wa ziada wauzwe mara moja, wakati wana nyama, kuliko kungoja Februari na kuuza mifupa. Na mbegu tutakazosaidia ziwe za mtama, kunde, pojo na mahindi ya kukomaa upesi ya Katumani. Utabiri ukiegemea mvua, fedha ziende kwenye matuta, mifereji, mapaa ya ghala na maturubai ya kuanikia, na tuwaonye walio kando ya mito. Mabwawa ya mchanga yanayohitaji kutengenezwa yatengenezwe mwaka wowote, kwa kuwa hayo hufaa kila rangi ya kunde. Na utabiri usipoegemea popote, mkutano ufungwe kwa sala na watu waende nyumbani, fedha zikae benki.

Wako waliosema kwamba ishara za wazee zimesahauliwa: maua ya migunga, upepo, nyuki, ndege wa Oktoba. Sizidharau. Kule Bunyore, katika kaunti ya Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa mambo ya mvua, wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa na kulinganisha waliyoyaona kabla ya msimu. Ningependa mkutano wetu wa Septemba uanze vivyo hivyo, wazee watatu kutoka nyumbani waseme kwanza walichoona, kisha karani asome karatasi yake. Kama wakikubaliana, vema. Kama hawakubaliani, tutajua kwamba shaka ni kubwa, na kujua hivyo nako kuna faida.

Bwana Mwenyekiti, hoja yangu nimeiandika hivi: Kwamba Chama kiwe na Mkutano Maalum kila mwaka katika Jumapili ya pili ya Septemba, kwamba katika mkutano huo utabiri wa vuli wa kaunti zetu tatu usomwe kwa Kiswahili na kwa Kikamba, kwamba Halmashauri ipewe ruhusa ya kutumia hadi nusu ya Mfuko wa Njaa kwa matayarisho, na nusu iliyobaki ingojee kura ya Januari kama zamani, na kwamba karani ashurutishwe kupeleka habari hizo kwa kila nyumba ya mwanachama kabla ya mwisho wa mwezi huo, na akikosa kufanya hivyo akatwe mshahara.

Kifungu hicho cha mwisho nimekitia mwenyewe, wala sikushauriwa na mtu.

Hoja yahitaji wa kuiunga mkono. Kitabu cha hesabu kiko mezani kwa Mweka Hazina. Kurasa za Februari za miaka niliyoitaja nimezitia vipande vya karatasi nyekundu, na yeyote apendaye kuziangalia kabla ya kura, azipitie.